Picha ya Mzee wa Katikati

Arusha, Jumapili, 3 Desemba 1911

Leo sikusinzia kanisani, na sifa si za mhubiri. Ni karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu. Kila tulipoinamisha vichwa kuomba, mkono wangu ulikwenda kuigusa.

Jana gari la ng'ombe lilifika kutoka Moshi na mzigo wa Bwana Menezes, yule Mgoa mpiga picha ninayemfanyia kazi. Mimi ndiye ninayefungua masanduku. Vioo vya kupigia picha hufungwa kwa magazeti ya Kijerumani ili visivunjike, nami huyasoma kabla ya kuyatupa, kwa kuwa wamisionari walinifundisha lugha yao nilipokuwa shuleni kule mlimani. Kwa kawaida ni habari za sabuni na mikanda ya kubana tumbo. Hili lilikuwa na picha.

Kwanza nilidhani ni doa la dawa. Nikaenda nalo dirishani. Kumbe ni anga la usiku, na katikati ya nyota kuna kitu kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi, kina mabawa mawili, kimetulia. Chini yake waliandika kwamba huo ni ukungu mkubwa ulioko kwenye nyota za Orioni, na kwamba aliyeupiga picha si mtaalamu. Ni mwalimu wa shule, alisimama nyuma ya nyumba yake, akatumia lenzi ya kupigia picha za watu.

Lenzi ya kupigia picha za watu! Ile ninayoipangusa mimi kila asubuhi kabla wake wa mabwana hawajaja kukaa kwenye kiti!

Jioni nikamwonyesha Tabea, mke wangu. Alikuwa akimnyonyesha Bariki.

"Ni nini hiki, Baba Bariki?"

"Ni ukungu. Uko juu, kwenye nyota."

"Ukungu tunao hapa kila asubuhi," akasema. "Mpaka nguo hazikauki."

Jumanne, 5 Desemba

Mvua. Mlima Meru hauonekani. Nimepangusa lenzi mara mbili.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimemwambia Bwana Menezes. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Yeye ni mtu mnene na mwoga. Akimwona Mzungu upande wa pili wa barabara huvua kofia hata kama Mzungu mwenyewe anatazama kwingine. Nilijua atakataa.

Akalisoma gazeti lote, midomo ikicheza. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Naftali, huyu mwalimu ameacha kioo wazi saa nzima. Nyota zinatembea. Umefikiri hilo?"

Nimefikiri. Gazeti lina mchoro. Sanduku la picha hufungwa juu ya ekseli, yaani mhimili wa chuma, na ekseli huelekezwa mahali ambapo anga lote linazunguka. Ukiizungusha polepole, sanduku hufuata nyota, na nyota haijui kama imefuatwa. Pembeni hufungwa darubini, ili mtu achungulie nyota moja na kuhakikisha haitoki mahali pake.

"Masika yakianza nahamia Moshi," akasema. "Reli iko huko, wateja wako huko. Lenzi naondoka nayo. Mpaka wakati huo, ukimaliza kazi ya mchana, ichukue. Ukiivunja, usirudi."

Kisha akaingia stoo, akatoka na darubini ya shaba ya baharini ambayo haijawahi kupata mnunuzi. Akanitupia. Nilitembea hadi nyumbani nimeikumbatia kama mtoto.

Jumatano, 13 Desemba

Nimekwenda Kisongo kwa Lerionka, mhunzi. Ndiye aliyetutengenezea bawaba za mlango wa studio na wa chumba cha giza cha kuoshea picha. Kisongo kuna uwanda, na mawingu ya Meru hayafiki sana huko.

Niandike ukweli: sikupenda kwenda. Huku kwetu husemwa mengi juu ya wahunzi, kwamba mikono yao ina damu na chuma, kwamba mtu mwenye mifugo hali kwao. Mama yake, Simaloi, alinipa maziwa kwenye kibuyu. Nikamwamkia vizuri kwa lugha yao, nikimwita mama, "Takwenya, yeyo," naye akaitikia "Iko," lakini maziwa nikasema nimeshiba. Akachukua kibuyu chake. Lerionka aliona.

Ni mrefu, mkavu, ana kovu la moto shingoni, na hubishana na kila kitu, hata na chuma anachokifua. Nikamchorea mchoro mchangani. Akachuchumaa.

"Nina ekseli ya gari lililovunjika," akasema. "Lakini kuizungusha polepole hivyo kwa mkono, hapana. Mkono una mapigo ya moyo ndani yake. Tutatumia jiliwa ya seremala, ile ya kubania mbao. Skrubu yake itasukuma mkono wa chuma kidogo kidogo."

"Utataka nini?"

"Kuona. Kila siku mtakayotazama, na mimi nitazame."

Wakati naondoka nilipishana na ng'ombe wake wachache wakirudi, ndimi nje. Kisima cha pale karibu kimezungushiwa waya na Bwana Dressel, Mjerumani mfugaji, mwaka jana. Aliyasogeza mawe ya mpaka kidogo, kisha kidogo tena, mpaka kisima kikawa ndani. Sasa ng'ombe wa Kisongo hutembea tangu asubuhi hadi mtoni, na hurudi na kiu nyingine.

25 Desemba

Krismasi kwa wazazi mlimani. Ndizi, nyama, nyimbo. Nilitoka nje mara nyingi mno, mama akauliza kama naumwa tumbo.

Jumatano, 10 Januari 1912

Mvua zimekatika na anga limeoshwa! Leo tumejaribu kioo cha kwanza!

Chombo chetu ni kibaya kwa sura. Ekseli imesimikwa juu ya gogo, imeinuka kama ilivyo kwenye gazeti, na juu yake sanduku la picha na darubini vimefungwa kwa ngozi mbichi iliyokauka ikabana kama jino. Giza lilipoingia, nyota za Orioni zilikuwa tayari zimepanda upande wa mashariki. Simaloi alitoka na kigoda chake, akaketi, akatuonyesha kwa kidole.

"Wale watatu walio kwenye mstari ni wajane," akasema. "Na wale watatu wadogo pembeni ni wazee. Wajane wanawafuata wazee, hawawafikii."

Nikalinganisha na gazeti. Ukungu upo kwa yule mzee wa katikati! Nikamwambia. Akatazama kwa darubini muda mrefu, akacheka peke yake.

"Kweli, huyu haonekani vizuri kama wenzake. Amejifunika blanketi."

Nikafungua kifuniko. Lerionka akazungusha jiliwa, mimi nikachungulia darubini na kumwambia "sasa, polepole, sasa." Nyota ikanikimbia. Nikaikamata. Ikanikimbia tena, ikielekea pembeni ambako skrubu haiwezi kuifuata. Tuliendelea hivyo mpaka shingo ikagoma.

Alhamisi, 11 Januari

Nimekisafisha kioo kwa dawa. Hakuna nyota hata moja. Kuna mikwaruzo, kama kuku amechakura majivu. Bwana Menezes akachungulia, akasema, "Hongera, umepiga picha ya mvua," akaenda kunywa chai. Nilimchukia hadi saa kumi.

Jumatatu, 15 Januari

Nimepata! Nimepata!

Jioni nilikwenda Kisongo bila lenzi, kwa hasira tu. Nikalala chali kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu kusini. Nikawa natazama nyota zilizo chini kabisa, juu ya uwanda. Hazikupanda. Zilikuwa zinajikunja, zinazunguka kwa upande, kama ng'ombe wanaozungushwa kwenye mti. Na ule mti wenyewe, yaani mahali pasipozunguka, ulikuwa chini sana, karibu uguse ardhi!

Yule mwalimu anaishi Ujerumani. Kwao mahali pa kuzungukia anga pako juu, nusu ya njia kwenda utosini, ndiyo maana ekseli yake imeinuka. Sisi tumeiga mwinuko wa Ujerumani tukausimika Kisongo! Hapa kwetu ekseli inapaswa kulala, mwisho mmoja kaskazini na mwingine kusini, ule wa kusini ukiinuliwa kidogo tu, kama kichwa kwenye mto mwembamba.

Nilipiga kelele, Lerionka akatoka mbio na rungu.

"Nini? Fisi?"

"Ilaze! Ekseli, ilaze!"

Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akaanza kubisha, kisha akalala chini kwenye ngozi akatazama mwenyewe. Alipoinuka alichukua shoka akaenda moja kwa moja kwenye gogo.

"Ekseli ya gari," alikuwa akisema huku anapasua, "siku zote hulala. Sisi ndio tuliokuwa tunailazimisha isimame."

Simaloi alileta maziwa. Nikayanywa yote, nikalamba na mdomo wa kibuyu. Sikumbuki kama nilifikiri chochote kabla ya kunywa. Nilikuwa na kiu.

Jumamosi, 20 Januari

Kioo cha pili. Nyota sasa ni vidoti! Lakini kila kidoti kina pacha wake, kwa sababu nilipoteza nyota yangu ya kufuatia kwenye darubini, nikaikamata tena pembeni. Mzee wa katikati ametokea kama alama ya kidole chenye mafuta. Amekuja lakini!

Bwana Menezes alikitazama kioo kwa kioo cha kukuzia. Hakutania.

"Unahitaji msalaba ndani ya darubini," akasema. "Uzi mwembamba kuliko unywele. Nyota ikiuvuka, unajua papo hapo imehama."

Jumatatu, 22 Januari

Unywele wa Tabea: mnene kama kamba ya meli. Uzi wa hariri: vivyo hivyo.

Jumanne, 23 Januari

Nilirudi nikamkuta Tabea juu ya kigoda, kichwa darini, amejipaka masizi hadi puani.

"Mama Bariki, unafanya nini?"

"Nyamaza, utamtisha."

Alikuwa na buibui kwenye kijiti. Kila alipokitikisa kijiti buibui alishuka kwa uzi wake, na Tabea akauviringa uzi kwenye uma wa mti, taratibu, ulimi nje. Wiki zote hizi nilidhani ananivumilia tu.

"Unanitazama nini?" akasema. "Mwanaume anaamka usiku anasema 'unywele, unywele.' Ningefanyaje?"

Tukaubandika uzi kwa nta, mmoja wima, mmoja mlalo. Katika darubini ni mistari miwili safi. Nimecheka hadi Bariki akaamka.

2 Februari

Mwezi mpevu, umefuta nyota zote. Kiangazi kikali. Kisongo vumbi tupu, na ng'ombe mmoja wa Lerionka ameanguka njiani kutoka mtoni, hakuinuka.

8 Februari

Vumbi.

Jumatano, 14 Februari, alfajiri

Sijalala. Nitaandika kwa mpangilio, maana nikikaa bure nitapiga kichwa ukutani.

Jana jioni anga lilikuwa kama maji kwenye bakuli. Tabea alikuja pia, Bariki tulimwacha kwa jirani. Giza lilipokamilika nyota za Orioni zilikuwa juu kabisa ya vichwa vyetu, kwa hiyo nililala chali chini ya darubini, na Lerionka akakaa kwenye jiliwa. Nikafungua kifuniko.

Sijui nieleze vipi. Nyota iliingia kwenye msalaba wa buibui ikakaa. Ikitaka kuhama upana wa uzi, nasema "sasa," skrubu inaguna, nyota inarudi. Tulikuwa watu watatu tunapumua kwa zamu. Tabea alikuwa akinifuta jasho la jicho kwa pembe ya khanga. Ulikuwa muda wa kuivisha maharagwe magumu, na nyota haikuniponyoka hata mara moja. Hata mara moja! Nilipofunga kifuniko nilitaka kuimba. Nililitoa sandukuni kasha jembamba lenye kioo nikalishika kifuani.

Ndipo mbwa wakabweka. Taa mbili zikaja kutoka upande wa waya, na nyuma ya taa Bwana Dressel mwenyewe na bunduki yake, na watu wake wawili. Alimulika ekseli, darubini, sanduku.

"Hiki ni chombo cha kupimia ardhi," akasema kwa Kiswahili chake cha amri. "Mnapiga picha mawe yangu ya mpaka. Nani amewatuma?"

"Hatukutumwa, bwana. Tunapiga picha nyota."

Alicheka bila kufurahi. Akamtazama Lerionka, anayemfahamu kama mmoja wa walionyang'anywa kisima. Nikaelewa. Alikuwa anaogopa mawe yake yaonekane mahali yalipo. Kwa mtu mwenye hofu hiyo, sanduku la picha karibu na waya wake si jambo la nyota.

"Nipe hicho. Nitafungua nione."

Akashika kasha. Kidole chake kilikuwa kwenye kibati cha kuvuta, kile kinachokinga kioo kisipate mwanga. Taa iko usoni mwetu. Kibati kikivutwa upana wa ukucha tu, kwisha.

Nikasema kwa Kijerumani, na sauti yangu sikuitambua: "Bwana, ukikifungua sasa kitakuwa cheusi chote, na hutajua kamwe kilikuwa na nini. Kama mawe yako yamo, hutakuwa na ushahidi. Kioo lazima kioshwe kwa dawa kwanza. Njoo kesho kwa Menezes uone kwa macho yako."

Kidole hakikuondoka. Tabea alikuwa amenishika shati kwa nyuma.

"Kesho," akasema hatimaye. "Kasha nakaa nalo mimi. Na huyu mhunzi nakaa naye. Mawe yakionekana, nawapeleka boma wote wawili, mle kiboko mpaka msahau kusoma."

Wakamchukua Lerionka. Simaloi alisimama mlangoni, hakulia. Aliniuliza jambo moja: "Picha imetoka?"

Sijui, yeyo. Ikiwa ni mikwaruzo kama ya kwanza, yule bwana atasema ni waya na mawe. Ikiwa kioo kitupu, atasema tumemdanganya. Kumwokoa Lerionka kunataka picha nzuri, na sijawahi kupata picha nzuri.

Siku hiyo hiyo, jioni

Alifika asubuhi na farasi. Kasha lilikuwa chini ya kwapa lake, limefungwa, kibati mahali pake! Lerionka amefungiwa kwenye stoo ya mbuzi, akasema, mpaka hapo.

Nilikuwa nimeshamweleza Bwana Menezes kila kitu, nikitazamia akimbilie kitandani. Alivua kofia kama kawaida yake. Akafungua mlango wa chumba cha giza. Dressel akataka kuingia na sigara yake mdomoni.

"Sigara nje," akasema Bwana Menezes.

"Unasemaje?"

"Humu ndani bwana ni mimi. Sigara nje, bunduki nje, na mlango ukifungwa hakuna atakayeufungua mpaka niseme."

Nilidhani nimesikia vibaya. Hata Dressel alidhani hivyo. Lakini sigara ilitoka.

Tukafunga. Taa nyekundu tu, sisi watatu tumebanana na harufu ya dawa. Bwana Menezes akaweka kioo kwenye sinia, akamimina, akanisukuma mbele.

"Ni chako. Tikisa wewe."

Nikatikisa. Hakuna kitu. Kioo cheupe kama maziwa. Nikamsikia Dressel akivuta pumzi kwa pua. Nikatikisa. Bado. Nilianza kumwona Lerionka na mgongo wake.

Kikatokea kidoti. Cheusi, kidogo kuliko mbegu ya mtama. Kisha kingine. Kisha wajane watatu, mmoja baada ya mwingine, wamejipanga! Nyota zikaja kama mvua inayoanza kwenye vumbi, na zote ni duara, duara kabisa, hakuna mkia, hakuna pacha. Na pembeni mwa wajane, pale mahali penyewe, weusi ukaanza kutanda. Haukuwa kidoti. Ulitanda pande mbili. Ulikuwa na mabawa!

"Hilo doa," akasema Dressel. "Umeharibu."

"Si doa, bwana! Katika kioo hiki cheusi ndicho mwanga. Ngoja!"

Nilikuwa nampigia kelele Mzungu gizani, na Bwana Menezes alikuwa ananipiga piga begani na kusema jambo kwa Kireno, tena na tena.

Tulipokwisha kukitia dawa ya kugandisha picha na kukiosha tukakipeleka dirishani. Dressel alikitazama kila kona. Jiwe hakuna. Waya hakuna. Hakuna hata jani. Nikakichapa kwenye karatasi, juani, na ukungu ukageuka mweupe, ukatandaza mabawa yake juu ya anga jeusi, bora kuliko ule wa gazeti. Nasema bora. Tulikuwa na Orioni juu ya utosi, na yule mwalimu hana.

Dressel aliishika picha kwa ncha za vidole. Akaigeuza ubavu, akaigeuza tena.

"Nyumbani nyota hizi huwa zimesimama," akasema. "Hapa zimelala ubavu. Sikujua kama ni hizo hizo."

Akairudisha picha, akavaa kofia, akaondoka. Samahani hakusema. Lakini mchana Lerionka alikuja mwenyewe hadi studio, mzima, nywele zimejaa mavi ya mbuzi. Alisimama mbele ya picha akajikuna.

"Na ile skrubu yangu?" akauliza. "Haikutetemeka?"

"Haikutetemeka."

"Nilijua," akasema, kisha akakaa sakafuni na kucheka.

Ijumaa, 16 Februari

Simaloi ameiona. Amemtambua mzee wa katikati, na amesema blanketi lake ni zuri.

Jumamosi, 24 Februari

Dressel amerudi! Nilipoona farasi nilishika ukuta. Alizungukazunguka, akatazama picha za maharusi. Kisha akasema anataka nakala moja ya ukungu, ampelekee mama yake, ambaye alimfundisha zile nyota alipokuwa mtoto.

Bwana Menezes akanitazama. Mdomo wangu ukasema kabla sijauuliza: "Picha si yangu peke yangu, bwana. Ni ya mhunzi pia. Nitamuuliza."

Alibadilika rangi. "Unamuuliza mhunzi?"

"Bila ekseli yake nisingepata kitu."

Alitoka akibamiza mlango ule wenye bawaba za Lerionka.

Jumatatu, 26 Februari

Kisongo. Lerionka alinisikiliza huku akifua jembe. Hakubisha, nikashangaa.

"Mwambie picha ataipata," akasema. "Ng'ombe wanywe kwanza."

"Lerionka, atatupiga risasi."

"Kwa nini? Sijamnyima. Nimemwambia zamu tu. Ng'ombe, kisha mama yake."

Nimepeleka ujumbe. Niliutolea mbali kidogo, karibu na lango, ili niweze kukimbia. Dressel alinitazama kama mtu anayetafuta neno kwenye lugha asiyoijua. Nilitembea taratibu hadi kwenye kona, kisha nikakimbia.

Ijumaa, 1 Machi

Jua. Mawingu ya masika yanajikusanya kule Kilimanjaro na hayaji. Sina habari.

Jumamosi, 2 Machi

Waya umekatwa upana wa ng'ombe wawili! Tangu asubuhi ng'ombe wa Kisongo wote wako kisimani, wanasukumana, wanakunywa hadi matumbo yanalia. Nilikwenda mbio na nakala niliyoikausha vizuri kwenye bahasha. Lakini jua lilipofika utosini watu wa Dressel wakatoka na kuufunga waya tena. Amri ni asubuhi tu. Waliokuwa mbali walifika wakakuta umefungwa.

Lerionka alinyoosha mkono, nikampa bahasha. Akaitoa picha, akaitazama, akaingia kibandani, akatoka na mkasi wa kukatia bati.

"Usifanye hivyo!" nikapiga kelele.

Akakata. Kutoka juu hadi chini, sawa kabisa, kati ya mabawa mawili.

"Nusu siku," akasema, "nusu picha." Akanipa kipande kimoja. "Mpelekee." Kisha akanipa na cha pili. "Hiki kitunze mpaka atimize siku."

Jumapili, 3 Machi

Nimempelekea. Tabea alisema tuende wote, hawezi kukaa nyumbani akisubiri kuambiwa nimeuawa. Dressel alikuwa kibarazani anakula. Alifungua bahasha. Alitazama nusu ya ukungu, akageuza nyuma, akachungulia tena ndani ya bahasha.

"Nyingine iko wapi?"

Tabea akajibu, polepole na kwa adabu, kama anayemweleza mtoto:

"Nyingine ni ya jioni, bwana."

Dressel aliweka kijiko chini. Uso ulimwiva mpaka masikio. Halafu kikatoka kitu nilichodhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko, na hakikumfurahisha yeye mwenyewe kukitoa. Akatuonyesha njia kwa kidole.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Menezes anafunga masanduku. Lenzi imo ndani ya pamba, nimeifunga mimi mwenyewe, kwa mara ya mwisho nikaipangusa. Kioo cha ukungu ameniachia. "Njoo Moshi ukitaka," amesema, "lakini mke wako aje na buibui wake." Nitakwenda, nadhani. Kuna anga na huko.

Jioni, tone la kwanza la masika likiwa tayari limeanguka barabarani, alikuja nyumbani kwetu mtu wa Dressel kutoka Kisongo, amelowa jasho. Waya umetolewa upande wote wa kisima, akasema, tangu juzi, na ng'ombe wanakunywa mpaka giza. Bwana anauliza nusu yake.

Nilimtazama kwanza kama anadanganya. Kisha nikaitoa rafuni, nikaifunga kwenye karatasi safi nikampa. Alisimama bado, akijikuna kisogo.

"Bwana anauliza pia," akasema, "ataviunganisha vipi vile vipande viwili."

Tabea hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria yake.

"Mwambie ni gundi," akasema. "Na gundi ajitafutie mwenyewe."